Mwanajeshi Aliyetanda Uduvi

Nakumbuka siku moja niliyomcheka mume wangu, mwanangu, na kicheko kile hadi leo nikikikumbuka hunichoma. Wengine hujutia makubwa waliyoyatenda. Kosa langu mimi lilikuwa kicheko, tena cha jikoni, mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine uko kiunoni. Keti nikusimulie, maana nasikia mumeo naye anakuja likizo wiki ijayo, na simu yako tangu jana haiachi kulia, kila jamaa akiulizia siku yake.

Mume wangu Bakari alikuwa mwanajeshi. Tulikaa Gongoni, nyumbani kwao, na kambi yake ilikuwa mbali kaskazini, karibu na mpaka. Alipoondoka, binti yetu Saumu alikuwa bado ananyonya. Likizo yake ikaahirishwa mara mbili, na alipopewa siku zake kumi na nne, mtoto alikuwa amekwisha kuota meno na kujua maneno.

Kwetu, mwanajeshi akirudi si wa mkewe, ni wa ukoo. Ami Nassoro, ndugu ya marehemu baba mkwe wangu, alizishika zile siku kumi na nne akazigawa yeye mwenyewe. Siku hii Bakari aende Mambrui akawaamkie wazee. Siku ile akae kwenye kikao cha harusi. Nyingine akasimame kwenye mpaka wa shamba, ili jirani aone kwamba ukoo una mtu. Na kila jioni Ami alimpitisha madukani akamwonyesha kwa watu, utadhani amemzaa yeye. Siku ambayo Bakari hakwenda popote, watu walimjia. Nikapika pilau, nikapika biriani, nikakaanga mahamri mpaka vidole vikababuka. Na sikulalamika, mwanangu. Nilijivuna. Nilisikia wanawake wakisema, "Mke wa Bakari ana adabu," nami nikaongeza maji kwenye chai.

Mtoto je? Saumu alijificha nyuma ya leso niliyojifunga kila baba yake alipoingia. Asubuhi ya tano, sebule imejaa wageni, alinivuta nguo akauliza kwa sauti, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?" Watu wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Bakari hakucheka.

Jioni yake akanifuata jikoni. Akasema, "Kesho maji yanakupwa asubuhi. Twende tukatande uduvi, mimi nawe na mtoto. Zamani nilikuwa nikienda na mama."

Kutanda uduvi kwetu ni kazi ya wanawake na watoto. Wawili mnashika leso, mnaizamisha kwenye maji ya magotini, mnatembea taratibu, kisha mnaiinua pamoja, na vile vikamba vidogo vinabaki vikirukaruka ndani. Mwanamume mzima hatandi uduvi. Ndipo nilipomcheka. Nikamwambia, "Wewe! Mwanajeshi na leso baharini? Wenzako watasema umetumwa huko ukajifunze mambo ya kike? Na wageni wa kesho nimwachie nani?"

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya." Akatoka. Hakurudia tena ombi lile.

Siku ya kumi na nne tukamsindikiza stendi, ukoo mzima. Akainama ili ambusu mwanawe. Saumu akapiga ukelele, akanishika shingo kama mtu anayezama. Bakari akapanda basi mkono wake ukiwa bado umenyooka. Alikuwa amekaa nyumbani wiki mbili, na mtoto hakuwahi kumwita baba hata mara moja.

Mavyaa yangu, Bi Mwanaidi, mama yake Bakari, hakuwa mtu wa maneno mengi. Tuliporudi aliniacha nioshe masufuria yote, na nilipomaliza akaniambia, "Kila aliyepita mlangoni umemkatia pande la mumeo. Mwanao umemwachia nini? Mifupa?"

Nikajitetea. "Mama, nilikuwa nachunga heshima ya nyumba."

"Heshima si utumwa," akasema. "Hao waliokula wamekwenda kwao wamelala. Mtoto ndiye aliyebaki na njaa." Akainuka akaenda kuswali. Nililia siku ile, mwanangu, na sikulia kwa kusemwa. Nililia kwa sababu ni kweli. Majuto ni mjukuu, na mimi yalinijia bado kijana.

Bakari alirudi baada ya miezi kumi na mmoja. Sikungoja Ami atoe orodha. Asubuhi ya kwanza kabisa, kabla watu hawajamaliza kunywa chai majumbani mwao, niliweka birika la chai na sahani ya mahamri barazani nikafunika. Nikachukua leso zangu mbili kuukuu na ndoo. Nikamwambia Bakari, "Vaa suruali ya kukunja. Maji yanakupwa." Alinikazia macho kwanza, aone kama namfanyia mzaha. Mavyaa akabeba kigoda chake akakiweka mlangoni. "Nendeni," akasema. "Atakayetaka kujua mlipo, anipitie mimi."

Tukapita kando ya mashamba ya chumvi. Vibarua wakapaza sauti, "Afande, vita viko wapi?" Bakari akainua leso juu, akawajibu, "Baharini!" Saumu alikuwa upande wangu wa pili, mbali naye, ameikumbatia ndoo. Alikuwa hajamsemesha.

Wanawake waliokuwa majini walipotuona waliacha kutanda. Kisha mmoja akapiga kigelegele cha dhihaka, wengine wakafuata. Niliona haya, nisikudanganye. Lakini nilikuwa nimekwisha kuulizwa lile swali la mifupa, na hakuna kigelegele kilichoweza kunirudisha nyumbani.

Na Bakari hajui! Alikuwa amesahau kazi yote. Anavamia maji kwa hatua za gwaride, tope linatibuka, uduvi wote unakimbia. Tunainua leso, mna majani na kaa mmoja mwenye hasira. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanawake hoi kwa kicheko. "Afande, taratibu! Hapa hakuna adui!"

Saumu alisimama ukingoni akitutazama. Yeye kazi ile aliijua, kwani nilikwenda naye kila wiki. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona chakula kinaungua na mpishi hana habari. Mwishowe subira ikamwisha. Akatupa ndoo, akaingia majini, akaja akaishika suruali ya baba yake kwa mikono miwili. "Si hivyo!" akasema. "Polepole. Polepole nimesema! Usipige maji. Haya. Haya. Baba, inua! Baba, inua sasa!"

Bakari akainua. Leso ilikuwa imejaa. Naye akalia, mwanangu, waziwazi mbele ya wale wanawake wote, na wala hakugeuza uso. Vicheko vikakoma.

Hapo ndipo Ami Nassoro alipofika kwa bodaboda, kanzu ameikunja na viatu mkononi. Mavyaa alikuwa amemwambia tulipo, huku akimcheka. Ami akasimama mchangani akaita, "Bakari! Watu wa Mambrui wamekaa barazani saa nzima! Ni mambo gani haya?"

"Shikamoo, ami," nikamwambia mimi.

Hakuitikia. Akanielekezea kidole. "Ni wewe. Umemlisha limbwata mwana wetu. Mwanamume aliyeshika bunduki leo ashika leso!"

Hilo ni neno zito, mwanangu. Mwanamke akishaambiwa amemlisha mumewe dawa ya mapenzi, halifutiki. Lakini nilikuwa bado nimeshika pembe zangu za leso, na niliona nikiziachia tu, nimekwisha.

"Ami," nikasema, "jeshi limempa siku kumi na nne. Mwaka jana mlizichukua zote, na mtoto akamwita baba yake mgeni. Leo ina mwenyewe, na mwenyewe ni huyu mtoto."

"Na kesho?"

"Kesho pia maji yatakupwa, ami."

Akamgeukia Bakari, amngoje anikemee. Bakari akajipangusa uso kwa bega, akasema, "Ami, mimi kazi yangu ni kutii amri. Leo amri zatoka kwa huyu mdogo." Na yule mdogo, bila kujua kwamba wakubwa wanagombana, akamvuta tena, "Baba, twende, unachelewa!"

Ami akaondoka. Likizo ile tulishuka baharini asubuhi sita. Wageni walikuja mchana wakala uduvi wa nazi, na waliotaka heshima kubwa kuliko hiyo hawakurudi.

Jina la Mama Limbwata lilinifuata mpaka kwenye harusi za watu. Nikiitwa hivyo niliitika, "Labeka!" Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Ami alikufa hajanisamehe, Mungu amrehemu, nami sikuomba msamaha wala siombi leo.

Najua wangoja nikwambie kwamba Bakari aliuawa huko mpakani, ndipo nasaha yangu iwe na uzito. Hakuuawa. Alistaafu, magoti yanamuuma, na sasa hivi yuko chumbani anakohoa na kulalamikia redio. Saumu ana watoto wake, na akipiga simu humwuliza baba yake kwanza, mimi baadaye. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini hata kama asingerudi tena baada ya likizo ile, zile asubuhi sita zisingepungua. Na kwa kuwa alirudi, hazikupungua vilevile. Mtu asipendwe kwa kuhofiwa kifo tu. Apendwe kwa sababu yuko.

Basi sikiliza. Mumeo akifika, mtoe nje yeye na watoto kabla watu hawajampangia. Wapeleke mnakotaka, mfanye kazi yoyote mnayoweza kuifanya pamoja, hata ile ambayo watu husema haimfai. Wazee waamkie, wape chai, wape na siku zao. Mimi sikufunzi utovu wa adabu. Lakini siku za watoto zitoe kwanza, na kinachobaki ndicho ugawe. Watakusema. Acha waseme. Wakiuliza nani amekutia kichwa kikubwa, wape jina langu na uwaelekeze nyumba, niko hapa, na bado ninao ulimi.

Mungu amfikishe kwako salama, mwanangu. Awajalie wanawe wamjue kwa sauti na kwa harufu, si kwa picha ya ukutani. Na wewe akupe moyo usiotetemeka mbele ya wageni. Amina. Haya, izime simu hiyo.