Gauni la Mifuko ya Ngano

Majani ya mpapai yakipondwa yanatoa harufu kali, ya kijani, inayokaa kwenye vidole hata baada ya kula ugali. Siku zile za Ujamaa, sabuni ilipopotea madukani, Tabora nzima ilinuka hivyo. Mimi ninaipenda harufu hiyo, na anayeicheka aniambie yeye alifulia nini. Nililoweka mifuko miwili ya unga wa ngano kwenye maji ya majani hayo na majivu, nikasugua mpaka maandishi yote yakatoka, kikabaki kitambaa cheupe kisicho na alama hata moja. Nilijiona nimeshinda tayari.

Nilikuwa nimetoka Puge kuja kukaa kwa shangazi yangu mjini nisome. Sare yangu ilikuwa imeoza mgongoni, na Mwalimu Kapela alishasema mhula ujao asiye na sare asionekane. Kisha yeye huyohuyo akatangaza mashindano ya Vazi la Kujitegemea: kila mtoto atengeneze nguo kwa vitu vilivyotupwa, na mshindi apewe kitambaa cha sare. Basi kwangu hayakuwa mashindano. Nilikuwa natafuta nguo ya kuendelea nayo shuleni.

Uzi haukupatikana. Nikajiambia, sishoni, nafunga. Nilichana vipande vyembamba vya kitambaa kilekile, nikajizungushia nguo yote juu ya gagulo, nikafunga kiunoni, nikafunga tena juu ya vifundo vya miguu ili ibane kama magauni ya wanawake wa kwenye kalenda, na sehemu ya juu nikajifunika kichwani na kuifunga utosini. Pembeni mwa masikio nikachomeka pamba nyeupe ya kwetu, iwe maua. Kwetu tulikuwa Wamoravian, na wafu wetu walizikwa na nguo zao nzuri za kanisani. Shangazi alikuwa shambani, hakuniona.

Uwanjani tulikuwa na vituko. Masanja alivaa suruali ya mpira wa ndani wa tairi la lori, kila hatua inalia kama bata. "Msimcheke," akapaza sauti rafiki yake, "mkimtoboa anaisha upepo!" Watu wakaangua kicheko. Ikafika zamu yangu. Nikatoka kwa hatua ndogondogo, miguu imebanwa, nikisubiri makofi.

Hayakuja. Mzee mmoja wa kamati ya shule, mwenye kanzu na kofia, akasema kwa sauti, "Inna lillahi!" Wanawake wa mstari wa mbele wakajifunika nyuso kwa kanga. Nikageuka nyuma nione nani ameanguka. Hakuna. Wakati huo Bi Zuhura, muuza vitumbua wa mtaani kwetu, alikuwa ameshanifikia, anafungua fundo la kichwani.

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikasema, maana sikujua la kusema.

Akalivuta fundo likaachia. "Mtoto mzima huyu! Nani kakufunga, mwanangu?"

"Nimejifunga mwenyewe."

"Ya Rabi!" Akashuka kiunoni, akashuka miguuni, akang'oa na pamba, akaitupa. Nikabaki na gagulo mbele ya wazazi. Akanivika kanga yake moja akaondoka analia. Mwalimu Kapela akanitazama, akautazama uwanja, akasema, "Nenda ukakae." Kitambaa akapewa Masanja, ambaye sare yake ilikuwa nzima.

Jioni shangazi akaniuliza, "Umeshinda?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo, lakini hakuna aliyenieleza, na mhula ulipofunguliwa sikurudi shule. Nilikwenda Kaliua, nikajifunza cherehani kwa kutazama, nikanunua yangu. Nilikuwa na watoto tayari pale jirani yangu Mwislamu alipofariki, nikaenda kusaidia wanawake kuchota maji. Nikaiona sanda: nyeupe, haijashonwa, imefungwa kichwani, kiunoni, miguuni. Na pamba. Nikatoka nje nikacheka, kisha nikalia, na waliokuwepo wakadhani ni msiba.

Siku hizi shule zinaniita nihukumu mashindano ya namna ile. Mwezi uliopita binti mmoja alitoka na gauni la arusi la chupa za maji, refu, linameta, kazi safi kabisa, sikatai. Nikamwuliza, "Kesho utalivaa?" Akacheka, akawatazama wenzake. "Bibi, hili ni la mashindano tu." Chini ya chupa alikuwa amevaa sare mpya, imepigwa pasi, kola imesimama. Nikampa alama zote. Mpaka nafika nyumbani sikujua kama nilikuwa nafurahi kwa ajili yake, au nilikuwa nataka kumnyang'anya ile sare.