Joto Tunaloliita Homa

Nilikuwa Mombo, nimeteremka kwenye basi kununua mahindi ya kuchoma, nilipoambiwa kwamba rafiki yangu wa siku nyingi amefariki dunia huko Masuguru, mjini Korogwe, nyumbani kwa mwanawe. Aliyenipa habari ni mama muuza ndizi, jirani wa familia ile. "Ni homa, mzee," akasema. "Imemkamata asubuhi, alasiri hayupo." Nikamuuliza homa ya namna gani. Akasema mzee alikuwa anawaka, ngozi kavu, anaropoka, ndipo watu wa nyumbani wakamfunika mablanketi mawili na kufunga mlango ili atoe jasho. Mahindi yakanishinda. Kwa jua hili linalotutesa kila mwaka kabla ya masika, homa ya mchana mmoja siiamini tena, na aliyenifundisha kutoiamini ni marehemu mwenyewe.

Nilimfahamu Handeni, tulipohamia kijiji cha ujamaa. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzigua mrefu, mbishi, mpenda kuonekana. Sisi wengine tuliezeka nyasi kama baba zetu, yeye akaezeka bati, la kwanza katika mstari wetu, akatucheka: "Nyie kaeni na panya wenu!" Miti ya mbele ya nyumba tuliikata sote kwa furaha, ili viongozi wakipita barabarani waone jinsi tulivyojipanga. Joto lilipofika, mama yake mzazi alirudi kutoka palizi ya shamba la kijiji akipepesuka, mwili unachemka. Kwetu mwili ukichemka ni homa, na dawa ya homa ni jasho. Balozi akamlaza chini ya bati lile na kumfunika kwa mikono yake mwenyewe. Mchana haukwisha, bibi akakata roho. Mganga wa zahanati alipofika aligusa blanketi, akatazama juu kwenye bati, akamwambia kwa upole kwamba mama yake alipigwa na joto, alihitaji maji na upepo. Sijapata kumwona mtu mzima akilia vile.

Baada ya arobaini akarundika nyasi juu ya bati lake, watu wakamcheka. Kuanzia hapo kila jua lilipopanda aliacha jembe na kupita katika nyumba zake kumi. Hakubisha hodi. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa wazee, akawafunua, akawatandika kifuani kaniki iliyoloweshwa maji, akawanywesha maji, na aliyezidiwa alimbeba hadi zahanati. Bibi mmoja alimpigia kelele, "Wewe balozi, unanivua nguo nyumbani kwangu?" Akamjibu, "Shikamoo, bibi. Nakuvua, ukipona unishtaki." Alishtakiwa kweli, kwenye kikao cha tawi la chama, kwamba hana heshima. Nilikuwepo. Alisimama akasema heshima yake aliizika pamoja na mama yake, kisha akaketi.

Nimefikiri sana ni kwa nini mtu huyu amekufa kifo kile kile. Shambani joto linaua wanaolima mpaka jua la utosi kwa kuogopa kuitwa wavivu. Mjini linaua waliofungiwa. Kwa mwanawe madirisha yamepigwa misumari kwa hofu ya wezi, wenye nguvu wako kazini, na majirani wana adabu zao: wanasalimia mlangoni, wanaambiwa mzee amelala, wanaondoka. Sijutii kuhamia kijijini. Tulipata shule, tukapata zahanati. Lakini tulikata miti yetu wenyewe, na tunaowazika kila msimu wa joto tunasema wameondoka na homa. Inaniuma kwamba hata mwanawe, aliyemzika bibi yake, hakukumbuka. Alipoitwa kutoka kazini hofu ilimpata, akafanya walichofanya wakubwa wake zamani.

Nilifika Masuguru siku ya tatu ya msiba. Nikauliza alipo mjane. Kumbe wamemweka katika chumba kile kile alimofia mumewe, dirisha lile lile la misumari, amezungukwa na wanawake, amejitanda nguo nzito, na tangu asubuhi hajaweza kunywa uji. Nikamwita mwanawe pembeni. "Mtoe mama yako nje." Akainamisha kichwa. "Mzee, mama yuko eda. Watu watasemaje?" Sikubishana naye. Nilimwendea shehe aliyeketi jamvini na sisi, naye akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani kwamba eda inamtaka mjane akae nyumbani kwake, na ua wa nyuma ni nyumbani pia. Wanawake wakamshika mikono, wakamtoa taratibu hadi kivulini uani, wakamlowesha kichwa na miguu, wakampepea. Alikunywa maji, akapumzika, akanywa tena. Kijana alikuwa anang'oa misumari dirishani huku machozi yanamtoka. Nikasogea kwenye uzio wa ua, nikampa mama yule pole kutoka upande wa pili. Kisha nikasikia sauti yake, nyembamba, haina lawama: "Angekuwepo yeye, angenitoa juzi."

Najua tu kwamba tumemzika mtu aliyeokoa wazee wa watu kwa kukosa adabu, na kwamba siku yake ilipofika sote tulikuwa na adabu. Mtaa ninaokaa una wazee wengi na milango mingi iliyofungwa. Nimeamua kuingia bila hodi mpaka mvua zinyeshe, na atakayetaka kunishtaki anishtaki.