Usafi wa Mama Bailleur

Leo propreté, usafi tu, iliua internet ya parcelle yote, sisi wapangaji wote.

Bwana yangu anatumikaka ku Kipushi. Alikuwa anangojea ku vidéo, aone mutoto yetu anatembea mara ya kwanza. Réseau, hapana.

Technicien akafika, akaangalia routeur, mashini yenye kuleta internet: "Processeur imejaa, inashindwa kupumua."

Mama bailleur, mwenye nyumba, akanionyesha kidole: "Ni huyu na mavidéo yake."

Merci, mama.

Kumbe asubui, wakati wa kupanguza, yeye mwenyewe aliona ncha moja ya câble inalala chini. Vibaya, inachafua nyumba. Akachomeka ile ncha ku switch, kasanduku ka kugawa internet, ileile yenye câble inatokea. Basi réseau ikazunguka mule ndani mpaka routeur ikashindwa.

Technicien akachomoa, réseau ikarudi.

Mutoto akatembea. Papa yake akalia ku écran.

Mama bailleur: "Munaona? Mi njo nilimupigia technicien."

Bantu, nimushukuru?