Nilivyoiharibu sehemu ya pili ya hadithi ya kijana wa Kamsamba asiyetoka jasho

Wakuu, siku ile ningesema hapana, leo nisingekuwa na uzi wa kuwaandikia.

Wazee wenzangu wawili wa kanisa walinifuata nyumbani, hapa Chapwa, baada ya ibada. Waliniomba sehemu ya pili ya hadithi yangu niiandike "kwa maadili". Nikakubali hata chai haijamiminwa.

Walionizidi umri, shikamooni, ingawa humu mtakuwa wachache. Haya yamenitokea mwenyewe, na kosa ni langu. Simsingizii mtu.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, zamani hizo, na tangu hapo sijaacha kuandika hadithi kwenye counterbook. Mjukuu wangu Tusekile, yuko form three, ndiye mwenzangu. Kila Jumamosi mchana alikuwa anakuja kunisomea kwa sauti nilichoandika, ananisahihisha.

"Babu, siku hizi hakuna msichana anayesema 'ewe mpenzi'. Futa."

Nafuta. Kisha anachapa kwenye simu ya mama yake na kutuma kwenye group la wanafunzi wenzake.

Sehemu ya kwanza iliwashika kweli. Msichana wa Mbebe, kule kwenye baridi, anatumwa kwa shangazi yake Kamsamba kusaidia kuvuna mpunga. Huko anakutana na Yona. Kwenye joto lile, Yona hatoki jasho. Akipita kwenye tope la jaruba, haachi nyayo. Kumbe ni mzimu wa kijana aliyezama ziwani miaka mingi iliyopita. Wanapendana hivyo hivyo.

Mwisho Yona anamwita ziwani. Msichana anasimama ukingoni, maji yako magotini. Nikaishia hapo.

Group likawaka. Mabinti walikuwa wanamsimamisha Tusekile njiani wamuulize kama yule msichana ataingia majini au atarudi.

Sasa ndipo wale wazee wakaja. Hoja yao ilikuwa moja: huyo kijana amemchukua binti wa watu bila kujitambulisha kwao. Na mimi, wakuu, nimekuwa mshenga wa nusu ya ukoo wetu. Walinigusa penyewe.

Tusekile alikuwa ameshaandika mwanzo wa sehemu ya pili, kurasa mbili kwa mkono wake. Kwake yeye msichana anaingia majini, anafumbua macho, anasikia watu wa chini wanalia kwa lugha ya bibi yake. Ilikuwa nzuri. Nilijua ni nzuri wakati ule ule.

Nikapiga mstari kurasa zote mbili.

"Babu, kwa nini?"

"Kwanza kijana alete posa."

"Mzimu anatoa wapi ng'ombe, Babu?"

"Wewe chapa tu. Kazi yako ni kuchapa."

Hilo neno nalikumbuka mpaka leo. Alichapa kila kitu, hata nukta hakugusa.

Basi nikaandika nilichokijua. Mshenga anavuka mpaka kwenda Nakonde kumtafuta mjomba wa Yona, maana marehemu naye lazima awe na mtu wa kumsemea. Vikao vitatu. Ng'ombe wanatajwa, wanakataliwa, wanatajwa tena. Mimi naandika huku nacheka peke yangu, naona nimepatia. Halafu mchungaji anamwombea Yona, anaanza kutoka jasho kama watu wengine, anapata kazi ya kutoa malori forodhani, mpakani Tunduma. Harusi. Mwisho.

Wazee walinipa mkono. Group je?

Mmoja: "Hii ni love story au kikao cha harusi?"

Mwingine: "Nimeruka mpaka ng'ombe wa nne, nikakuta bado wako kikaoni."

Wa tatu ndiye aliyenimaliza: "Yona wetu kawa clearing agent jamani 😭"

Nilicheka, ila iliniuma. Tusekile hakusema "nilikuambia". Jumamosi iliyofuata alikuja, akafua, akanipikia chai, akasema ana homework. Na Jumamosi ya pili vile vile. Nikaelewa.

Baadaye mama yake ndiye aliyenionyesha simu. Kwenye group kulikuwa na sehemu ya pili nyingine, jina la Tusekile juu. Zile kurasa zake mbili nilizozipiga mstari, na nyingine thelathini. Mabinti wanamwomba aendelee. Niliisoma mara mbili. Amenipita, wakuu. Nilifurahi, nasema kweli.

Nikamuuliza, "Mbona hukunionyesha?"

Akacheka, mkono mdomoni. "Ungeweka mshenga, Babu."

Tukacheka wote wawili. Hatuna ugomvi. Ananisalimia vizuri, ananitania, anakula kwangu.

Nilichojifunza: kama unawaandikia vijana na una kijana anayekusomea, msikilize yeye kabla ya wazee wenzako. Na ukiikata kazi yake, mwombe radhi siku hiyo hiyo. Mimi niliomba nimechelewa. Alinisamehe, lakini alikuwa ameshazoea kuandika peke yake.

Wenye uzoefu wa kuandika na watoto au wajukuu, karibuni mnikosoe, nasoma kila comment.

Zamani nilikuwa mtu wa kwanza kusikia kila alichokiwaza. Siku hizi nasoma anachoandika siku moja na watu wengine wote, kwenye simu ya mama yake.