Sanduku la Mama

Diski yenye nakala za faili zangu zote nilikuwa nimeiweka kwa mama, Port Victoria, ndani ya sanduku lake la bati. Nilijiona mjanja sana. Mtaani kwetu Nyalenda, Kisumu, wezi wakiingia hubeba kompyuta na chochote kilicho karibu nayo, kwa hiyo nilitaka nakala zikae mbali. Kila nilipokwenda nyumbani mama alifungua sanduku, nami nikaichomeka diski kwenye kompyuta niliyoibeba na kuiachia programu inakili mambo mapya huku tukinywa chai. Tukimaliza, aliifunga kwenye leso.

"Wacha nilaze mtoto wako," alinitania.

Mama alifariki wiki ambayo kompyuta yangu iliungua. Umeme ulikuwa umepotea, ukarudi kwa nguvu, na skrini haikuwaka tena. Fundi mjini Kisumu aliikagua akauliza, "Uko na backup?" Nikasema ninayo.

"Basi hakuna shida, madam. Leta tu."

Nilichohitaji ni picha moja. Mama hakupenda kupigwa picha; akiona simu tu, anakunja uso. Mara moja nilimpata akicheka, kichwa wazi, viganja vimejaa dagaa wa omena. Kwenye simu nilikuwa nimeifuta nipate nafasi, maana nakala ilikuwepo. Nilitaka watu wamwone hivyo kwenye kijitabu cha mazishi.

Nilipofika nyumbani, ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu.

"Hiyo sanduku haifunguliwi, nyathina, mtoto wangu. Vitu yake itaguswa akishazikwa."

"Lakini Baba, diski ni yangu."

"Iko ndani ya sanduku ya nani?"

Mali ya marehemu haiguswi kabla ya kaburi, hilo nalijua tangu utotoni, na humo nilikuwa nimeitia mali yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Picha ya kumzikia mama ilifungiwa mpaka mama azikwe! Nilizunguka ua kama kuku aliyefungwa mguu. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, ningelivunja kwa jiwe, halafu ningeishije na watu wale? Waombolezaji walinipa pole nami nikaitikia, huku nimemkasirikia kila mtu, hata mama.

Tukatumia picha ya kitambulisho. Kila mtu alirudi kwake na mama aliyekunja uso.

Siku wazee walipokaa kugawa vitu, nilipewa diski yangu, bado imo ndani ya leso. Niliichomeka kwenye kompyuta ya kuazima palepale nyumbani kwa mama, nikaiamuru programu irudishe faili. Ndugu walinizingira hadi mlango sikuuona. Faili zikarudi polepole, na mwishowe mama akatokea, anacheka.

"Aa," akasema baba mdogo. "Hii ndio ingefaa."

Nikalia, kwa uchungu na kwa hasira pamoja.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliichukua leso akaikunja vizuri. "Sasa hiyo diski utaweka kwangu. Mimi niko na sanduku ya chuma, na kufuli kubwa." Wote wakakubali kwamba amesema vyema. Nani angempinga?

Nikatafuta picha za Shangazi mwenyewe kwenye kompyuta, nikachagua moja ambayo anatabasamu, nikaihamishia kwenye simu yangu.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Shangazi," nikasema, nikamkabidhi diski.