Mabomba Thelathini na Tisa

Juzi tumemzika baba mdogo kule Akheri, na tangu nirudi mjini sijauza hata nati moja. Nauza spea za mitumba pale Themi. Ukija kununua bolti kumi, nitazihesabu mara mbili mbele yako, na najua ukigeuka tu utasema huyu mzee ana mkono wa birika. Sema. Ila leo kaa kidogo, nikwambie tabia hii niliitoa wapi.

Baba mdogo alirudi kutoka vita vya Kagera na kofia moja ya jeshi, sikio moja zima, na habari za lori. Lori la Kirusi, mabomba arobaini ya roketi mgongoni, yamepangwa kama mizinga ya nyuki. Yakifyatuliwa, alisema, hata Mlima Meru ungeomba radhi. Tulimsikiliza huku tukizungusha mashine ya kumenyea kahawa, mikono inateleza kwa utelezi wa maganda, na tulimwamini kuliko mwinjilisti.

Jioni, bibi akishika upawa apakue ndizi na maharage, baba mdogo alikuwa akituhesabu watoto. Kisha anarudia, kuanzia mwisho.

"Watoto hawahesabiwi!" bibi alifoka. "Hao ni mbuzi?"

Kwetu kuhesabu watoto kwa sauti ni kuita mkosi. Yeye alimgeuzia sikio bovu, akaendelea.

Mimi, miaka tisa, nilichotaka ni kofia. Tukapatana: nimtengenezee lori lake, mabomba yote arobaini, kofia iwe yangu. Mwili nikachonga kwa mgomba, magurudumu nikakata kandambili, mabomba yakawa vikonyo vya majani ya maboga, maana vina uwazi ndani. Wiki nzima tulikula mboga ya maboga, na bibi hakuuliza kwa nini. Vikonyo vikaishia thelathini na tisa. Nikajisemea, safu za katikati nani ataziona?

"Umehesabu?"

"Arobaini, baba mdogo."

Akahesabu kwa kidole. Akarudia, kuanzia mwisho. Nikaanza kuomba punguzo: "Ni moja tu, baba mdogo. Kesho naleta."

Hakucheka. "Na mimi nilisema arobaini," akasema. Akanivalisha kofia, akaenda zake migombani. Lori likabaki uani, kuku wakalidonoa.

Bibi ndiye aliyenieleza, huku anachambua kahawa. Kazi ya baba mdogo vitani ilikuwa kuhesabu roketi zinazotoka. Siku moja, katika moshi na kishindo, alihesabu arobaini, akapaza sauti kwamba zimekwisha, na rafiki yake akapita mbele ya lori. Moja ilikuwa bado ndani. Ilichelewa tu kufyatuka.

Kuanzia hapo nilimwangalia bibi vizuri. Alifoka kila jioni kama kawaida yake, lakini upawa haukugusa chungu mpaka baba mdogo amalize mara ya pili.

Kofia sikuivaa tena. Juzi nimeiweka juu ya jeneza lake. Bibi alishatangulia zamani, kahawa imeng'olewa, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Baada ya maziko wajukuu walikaa uani na sahani zao. Nikawahesabu kwa sauti: kumi na saba. Nikarudia, kuanzia mwisho. Kumi na saba.

Nikasimama pale, nangoja mtu anifokee.