Mama Mkwe na Gari Nyekundu ya Milango Miwili

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usije ukatafuta mwingine wa kulaumu. Si bibi yangu, mama wa watoto wangu, si tajiri aliyenipa gari, si Chama. Ni mimi na tamaa yangu!

Jina langu sitakuambia. Watu wa Lubumbashi wa miaka ile watanitambua bila jina, maana gari kama ile ilikuwa moja tu mjini, labda mbili. Wakinitambua, basi. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Enzi ya Zaire nilikuwa fundi wa mashine kwenye kampuni ya shaba. Nilikuwa na nyumba ya kampuni kambini, bibi, watoto wanne, na gari. Gari ile ya kwanza ilikuwa break, yale magari marefu ya familia, nyeupe, milango minne na viti vya safu tatu. Ilikuwa mzee kabisa, lakini haikukataa kazi hata siku moja.

Na haikuwa yangu peke yangu. Sikiliza vizuri hapa. Nusu ya bei ya gari ile ilitoka kwa mama mkwe wangu, mwanamke wa Pweto kule ziwani, muuza samaki wakavu. Kila kiangazi nilikwenda kumchukua yeye na mizigo yake. Gari ilinuka samaki mwaka mzima, hata ukiiosha kwa sabuni mara tatu.

Kwetu mkwe ni mkwe. Humshiki mama mkwe mkono, huli mbele yake, hukai karibu naye, na maneno unayapitisha kwa mtu wa katikati. Si ugomvi, ni heshima. Alipokuja kupanda gari, mimi niligeuza uso ukutani. Yeye alifungua mlango wa nyuma, akapita hadi safu ya tatu, akakaa na samaki wake.

Safari nzima tulizungumza kupitia bibi yangu. "Mwambie mukwe wangu apunguze mwendo, kuko mbuzi." Mimi nimeshamsikia, lakini nangoja bibi arudie. "Mama anasema kuko mbuzi." Haya, napunguza. Tulicheka wote watatu, kila mmoja akiangalia upande wake.

Break ile aliiita "motokari yetu." Vitambaa vya viti alivishona kwa mkono wake, kitenge cha kijani chenye ndege.

Sasa hiyo nyekundu. Tajiri mmoja wa mtaa wa Kenya, hapohapo Lubumbashi, aliipata kwa mwalimu mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Fupi, ya chini, milango miwili tu, na nyuma kifuniko kinachofunguka pamoja na kioo chake. Mistari myeusi ubavuni. Viti vya mbele vinakubana mbavu. Tajiri aliniita niisikilize injini, nikaipeleka barabara ya Likasi.

Ee mama! Unakanyaga kidogo tu, mgongo unabandikwa kwenye kiti! Gia ya pili, gia ya tatu, na bado inaomba! Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, baba wa watu, nikapiga kelele kama mtoto.

Niliporudi nilimkuta tajiri anazunguka break yangu.

"Fundi," alisema, "hii ya kwangu inabeba bantu bawili. Ya kwako inabeba tisa, na mi niko natafuta taxi. Tubadilishane tu, paka vile, hivihivi, hakuna maneno mingi."

Nikabadilisha. Siku ileile! Sikumuuliza bibi. Sikumpelekea mama mkwe salamu wala barua. Hata vitambaa vyake sikuvitoa kwenye viti.

Furaha iliisha kabla sijafika kambini. Nitasema nini nyumbani? Kichwa kikatafuta, kikapata uongo uliokuwa rahisi kuliko wote enzi zile. Nikaingia na uso wa huzuni.

"Mama Ilunga," nilimwambia bibi yangu, "break Serikali imeichukua. Kazi ya Chama. Banasema banaihitaji. Hii ndogo ni ya kunituliza roho."

Bibi akarudi jikoni. Miaka ile chama kilikuwa kimoja tu nchini, na ukisikia "kazi ya Chama", huulizi swali la pili. Ndiyo maana niliuchagua uongo ule, na usiku huo nililala nikijiona mwerevu. Mjinga mimi!

Nikuambie kuishi na gari ile kulivyokuwa. Ilitaka petroli ya super, na stesheni zetu mara nyingi zilikuwa na ya kawaida, au hazina kitu. Ukiipa ya kawaida, injini inagongagonga kama imemeza misumari. Ilikuwa ngumu chini, kila shimo unalisikia kwenye meno. Mdomo wake wa mbele wa plastiki ulibaki pale njia inapokatiza reli. Watoto wanne nyuma walifinyana, na mmoja lazima atapike. Fundi wa mtaani alifungua kifuniko cha injini, akaangalia, akakifunga tena taratibu. "Baba, hii inataka mwenye aliitengeneza," alisema.

Lakini nitakuwa muongo mara ya pili nikisema sikuipenda. Jumapili asubuhi nilikwenda barabara ya Likasi peke yangu, nikasahau kila kitu kwa nusu saa. Halafu nageuza, narudi kambini, na uongo wangu unaningoja mlangoni.

Bibi yangu aliniamini, tena akajivuna. "Serikali ilimupatia bwana yangu motokari," aliwaambia wenzake bombani. Habari ikatembea mpaka kwa mkuu wa seli ya Chama hapo mtaani kwetu. Jumamosi moja tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya wote, tunakata majani kando ya barabara. Akaja akasimama mbele yangu, akaniita "raia" kwa Kifaransa, kama tulivyoamriwa wote kuitana.

"Citoyen, nasikia ile motokari nyekundu ni ya Chama."

"Hapana... ndiyo... yaani..."

"Ni yako ao ni ya Chama?"

Unauona mtego? Nikisema ni yangu, basi niliisingizia Serikali kuninyang'anya gari. Kwa neno kama hilo mtu aliitwa ofisini na wiki nzima asionekane. Nikachomeka panga ardhini.

"Ni ya Chama, citoyen."

"Voilà. Basi itatumikia Chama."

Tangu siku ile, kila Jumamosi baada ya salongo, gari yangu ilitangulia maandamano. Nyuma kifuniko kimefunguliwa, ngoma mbili zimepandishwa, bendera imefungwa dirishani, na kikundi cha kuimba sifa kinafuata kwa kucheza. Mimi niko kwenye usukani, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea! Gari iliyozaliwa kukimbia! Mshale wa joto unapanda, klachi inanuka kuungua, na mkuu wa seli amekaa kando yangu anapungia watu mkono.

Kuiuza? Mali ya Chama inauzwa? Kuificha? Utaificha wapi, na rangi ile, na sauti ile inayojulikana toka mtaa wa tatu? Kumrudishia tajiri? Nitamweleza nini bibi? Nilikuwa nimefungiwa ndani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu mwenyewe.

Ndipo mama mkwe akaja, juu ya lori la samaki, kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, la kulia linafuata. Daktari alitaka kumwona kila wiki.

Asubuhi ya kwanza nilileta gari mlangoni, nikageuza uso ukutani kama desturi. Nikangoja kusikia mlango ukifungwa. Haukufungwa.

Bibi alikuwa amekunja kiti cha mbele. Ili ufike nyuma unainama, unatanguliza kichwa, na makalio yanabaki nje, juu, mbele ya dereva na kambi nzima. Na kukaa mbele, bega kwa bega na mkwe wake? Haifikiriki. Nilisema nitajificha nyuma ya nyumba mpaka aingie. Bibi akaniuliza, "Na kutoka je? Na magoti yake yakigusa mugongo yako njia yote?"

Mama mkwe alishika mlango, akauacha.

"Mwambie mukwe wangu," alisema kwa upole, "motokari yake iko muzuri. Lakini haina mulango wa mama mukwe."

Majirani wakacheka. Yeye pia akacheka, kunisaidia. "Si kosa yake. Ni Serikali. Niko naenda na miguu."

Akaenda kwa miguu! Mama mzima wa jicho moja, ameshikwa mkono na binti yake, na gari imesimama pale mlangoni, imeoshwa, inang'aa. Jioni alisali rozari sebuleni, nami chumbani nilisikia kila neno. "Ee Mungu, urudishie mukwe wangu motokari yake." Nilijifunika mto.

Wiki ya tatu mvua iliwanyeshea wakitoka hospitali, bibi akasimamisha taxi. Haya yote alinihadithia yeye. Mama aliingia mlango wa nyuma, akapita mpaka safu ya tatu bila kuuliza, kama aliyezoea. Akakaa. Akanusa. Akapitisha kiganja kwenye kiti polepole, mpaka kwenye mshono wa pembeni, pale kitambaa kilipompungukia akaunga kingine.

"Baba," alimwuliza dereva, "hii motokari ni ya Chama?"

Dereva alicheka sana. "Chama gani, mama? Ni ya patron yangu wa Kenya. Alibadilishana na fundi mumoja wa kambi. Fundi alipenda ka nyekundu."

Nyumbani mama alishuka wa kwanza, akamwacha binti yake analipa.

Nilikuwa uani napangusa vioo. Nikasikia hatua zake, nikageuza uso ukutani.

"Geuka."

Hakusema "mwambie mukwe wangu." Miaka kumi na minne ya ndoa yangu, hajawahi kunisemesha moja kwa moja!

"Geuka, baba. Uniangalie."

Nikageuka. Lile jicho lililobaki lilikuwa limenikazia.

"Nilikuwa naomba Mungu juu yako kila siku," alisema. "Kumbe nilikuwa naomba juu ya uongo. Fungua motokari. Unipeleke kwa malori ya Pweto."

"Mama, na macho yako? Daktari..."

"Fungua."

Nilifungua, nikakaa kwenye usukani, halafu nikataka kutoka nimpishe. Akaniambia nibaki palepale. Akakunja kiti mwenyewe, akainama, akaingia, kichwa kwanza, kitenge kinapanda, mbele yangu na mbele ya watu wote waliosimama milangoni mwao. Hakufanya haraka. Bibi yangu akapiga kelele, "Mama! Huna haya?"

Sauti ikatoka ndani ya gari. "Haya ni ya bakwe. Hapa hakuna mukwe."

Nilimpeleka. Kila shimo, magoti yake yaligonga mgongo wangu. Hakuniomba nipunguze mwendo. Akapanda lori na hakurudi tena Lubumbashi. Lile jicho la kulia lilizimika hukohuko Pweto, kabla mwaka haujaisha. Kwa Chama hakunitaja hata kidogo. Pamoja na yote, alinificha! Na mimi Jumamosi iliyofuata nilikuwa mbele ya maandamano, gia ya kwanza.

Ndugu yangu unayesoma, unayetamani gari ya mbio, sikukatazi. Lakini kabla ya kuisikiliza injini, fungua milango yake, uwaweke ndani mmoja mmoja watu wako wote. Asiyeenea, mwulize kwanza. Na usimtume mkubwa unayemwogopa akubebee uongo wako. Atakuja kudai chake.

Leo Chama hakipo. Gari ipo juu ya matofali uani, nyekundu imekuwa kama kutu, hakuna anayeitaka. Mara nyingi nakaa ndani yake, hata sasa hivi naandika hapa, karatasi iko juu ya usukani. Bibi yangu hakuniacha. Tunaishi wote, anapika, anafua. Ila toka siku ile hajanisemesha.

Huyo anatokea mlangoni, hatua tano tu kutoka hapa nilipo. Anamwambia mjukuu wetu wa kike, "Mwambie babu yako chakula kiko mezani."

Nimemsikia. Lakini nangoja mjukuu arudie.